Kiwiko Kilichochomelewa, Nani Shahidi Wake?

Wasomaji watukufu, haifichikani kwamba safu hii imezoea khabari za kura, za mabaraza, na za ahadi zinazokaa mwaka baada ya mwaka pasi na kutimizwa. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya kiwiko. Si kiwiko cha mkono; ni kile kipande cha chuma kilichopindwa, ambacho mafundi hukiita elbo, kinachounganisha bomba na bomba pale njia inapokata kona. Anayedhani kuwa hilo ni jambo dogo lisilostahiki wino wa chama na atuvumilie, kwani sisi tumekaa nyuma ya meza ya duka miaka mingi tukiviuza vitu hivi, na tumeona kwa macho yetu kijiji kizima kikilala na kiu kwa ajili ya kiwiko kimoja.

Sisi ni watoto wa visiwani, lakini riziki imetuweka bara, katika mkoa wa Manyara, uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Duka letu lipo Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, na wanunuzi wetu hutoka Endasak, Bassotu na Balangdalalu, na hata upande wa Mbulu, kuanzia Dongobesh mpaka Haydom. Ni nchi ya Wairaqw na Wadatoga, watu wa ng'ombe, mahindi na ngano, wenye adabu na wenye subira. Lugha yetu na yao hupishana kidogo: sisi tukisema mfereji wao husema bomba, na sisi tukisema bomba wao huuliza, bomba lipi? Lakini juu ya kiu hapana khitilafu ya lugha.

Kwanza tueleze maji ya huku yanavyokwenda, kwani asiyejua hayo hatajua kwa nini tunapiga kelele. Mlima Hanang una kimo cha zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari, na watu wamekaa chini yake. Mbulu nayo ni nchi ya milima na mabonde, yenye msitu wa Nou unaohifadhi chemchemi. Maji ya visima katika ukanda huu wa Bonde la Ufa mara nyingi huwa na chumvi, au floraidi inayoharibu meno ya watoto. Kwa hiyo chemchemi ya mlimani ni neema kubwa. Hujengwa tangi juu, likalazwa bomba mpaka kijijini, na maji yakashuka kwa uzito wake yenyewe, pasi na mashine wala mafuta. Neema hiyo ina gharama yake. Kila mita 10 za mteremko huongeza presha ya bar 1 takriban. Tangi likiwa mita 160 juu ya kijiji, bomba la chini hubeba bar 16, na huzibeba khasa usiku, watu wanapolala na mifereji yote ikafungwa. Ndiyo maana bomba bovu hupasuka usiku wa manane, wala halipasuki mchana mbele ya mkubwa aliyekuja kukata utepe.

Bar 16 ni kitu gani? Chukua bomba la inchi tatu, ulizibe mwisho wake. Maji yatausukuma mfuniko ule kwa nguvu ya kilo 800 na ushei, yaani magunia manane ya kilo mia mia yameegemea kifuniko kidogo kuliko kisahani cha kahawa. Na kwenye kiwiko cha pembe mraba, kwa kuwa maji yanasukuma pande mbili, nguvu hiyo huzidi tani moja. Nguvu hiyo haipumziki hata dakika moja.

Sasa tuje kwenye mas'ala yenyewe. Siku moja alitujia mzee wa kamati ya maji ya kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja kwa kuwahifadhia wenyewe heshima yao. Kazi yao ilikuwa mikononi mwa mkandarasi, naye pia hatumtaji. Mchoro wa mradi ulitaka tii ya inchi tatu yenye tawi la inchi moja na nusu. Dukani petu tii hiyo haikuwapo; kuiagiza Arusha kungechukua siku nne. Mzee akasema: "Ustadhi, tii huna, basi nipe elbo na kipande cha bomba. Fundi wao amesema atajua la kufanya." Sisi tulijua fundi atafanya nini. Atakitoboa kiwiko mgongoni kwa moto, apachike kipande cha bomba, akizungushe kwa mashine ya kuchomelea, kisha apake rangi ya fedha. Tulijua, na tukauza. Hapa ndipo penye kosa letu, na hatulifichi. Tulichukua fedha, tukaandika risiti, tukamtakia kheri.

Maji yalitoka, ngoma zikapigwa. Mwezi wa tano baada ya hapo kiwiko kikapasuka, pale pale penye mshono, na mwanya ukaingia ndani ya chuma chenyewe. Kijiji kilikaa majuma mawili kikichota maji kwa punda, na watoto wa kike hawakuonekana skuli katika muda huo. Mkandarasi alikwisha lipwa na kwenda zake. Mzee alituletea kile kiwiko dukani. Hakutulaumu, alikiweka juu ya mizani akanyamaza, na kunyamaza kule kulituchoma kuliko matusi.

Kwa nini kilipasuka? Viwiko vya skrubu tunavyouza madukani, vile vilivyopakwa zinki, havikukatwa katika bomba. Vimesubiwa kwa chuma cha kuyeyushwa, kisha vikaokwa tanurini kwa muda mrefu mpaka ule ugumu wake wa kuvunjika kama chungu ukaondoka, vikawa vinastahimili kupigwa na kukazwa kwa spana. Moto wa kuchomelea ukivigusa, mahali pale chuma hurudia asili yake ya kwanza: kigumu, kikavu, tayari kupasuka. Kazi yote ya tanuri hubatilishwa na fundi kwa dakika mbili. Juu ya hayo, zinki inayoungua hutoa moshi mweupe, na fundi anayeuvuta bila ya kinga hulala na homa usiku ule akadhani ni malaria. Mara ngapi tumewauzia vidonge asubuhi mafundi tuliowauzia vijiti vya kuchomelea jana yake!

Mtu atasema: hayo ni ya viwiko vya kusubu, je, vile vya chuma cha pua laini vilivyotengenezwa khasa kwa kuchomelewa? Hilo ni suala la haki, na jawabu lake halipatikani kwa ubishi wa barazani. Tumeuliza wahandisi, tukasomewa na kufasiriwa. Viungo vya namna hiyo hutengenezwa kwa vipimo vilivyoandikwa, na vinavyojulikana zaidi ni vile vya Jumuiya ya Wahandisi Mitambo wa Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1880. Kipimo chake cha B16.9 kinasema kiwiko kiwe na umbo gani, unene gani, na kistahimili nini. Kisha kanuni ya B31.3, iliyowekwa kwa mabomba ya viwandani, inavigawa viungo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile vilivyotengenezwa kwa vipimo inavyovitambua. Hivyo hupokelewa kwa alama yake, pasi na kudaiwa hesabu mpya, maadamu havikutumiwa kupita kiwango chake. Fungu la pili ni visivyo na kipimo hicho. Hivyo havikukatazwa, bali havipokelewi mpaka viletewe ushahidi: hesabu ya mhandisi, pamoja na mfano wa kazi iliyokwisha faulu katika hali kama ile, au jaribio la kukipasua kimoja ili nguvu yake ijulikane, au njia nyingine iliyotajwa humo.

Sasa kiungo cha fungu la kwanza kikitobolewa au kukatwa kinahamia fungu la pili. Alama iliyopigwa kiwandani inabaki pale pale ubavuni, lakini haisemi kweli tena, kwani kiwanda kilishuhudia kiwiko kizima, hakikushuhudia kiwiko chenye tundu. Sisi tuliosoma chuoni mbele ya mwalimu hatukuona ugeni katika hukumu hii. Kadhi hamkatazi mtu kudai. Humwambia alete shahidi. Na shahidi wa jana hawezi kushuhudia jambo lililotendeka leo.

Kanuni hiyo, tukiri, haikuandikwa kwa mfereji wa kijiji, na hapana polisi wa Marekani atakayekuja Bassotu kupima kiwiko. Lakini akili iliyomo ndani yake ndiyo tunayoitaka. Zingatieni jambo moja. Kiwiko kinapopindwa kiwandani, chuma cha mgongoni hunyooshwa kikawa chembamba, na cha tumboni hujikunja kikawa kinene. Kipimo huruhusu unene upungue mpaka asilimia 12.5 chini ya ule ulioandikwa. Basi fundi wetu, akitafuta mahali pepesi pa kupachika tawi, huchagua mgongoni, yaani pale pale penye chuma chembamba kuliko kwengine, akatoa tundu, na lile pande la chuma alilolitoa halirudishi. Kanuni humtaka mwenye kutoboa arudishe nguvu aliyoiondoa: ama unene wa ziada uwepo tokea hapo, ama kizunguke kiraka cha chuma kilichopimwa, chenye kitundu kidogo cha kupumulia. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafunzi aliyehitimu hesabu za skuli anaweza kuifuata akiongozwa. Lakini lazima ifanywe, na iandikwe.

Wala tusiseme kila moto ni haramu. Kuchomelea mguu wa kuegemeza chini ya kiwiko ni jambo linalofanywa viwandani duniani kote, kwa hesabu. Kukikata kiwiko cha digrii 90 kikawa cha 80, kwa sababu mlima haukuumbwa kwa pembe mraba, nako hufanywa, na hapo wahandisi wenyewe huhitilafiana: wengine wakisema kinabaki katika hukumu ya kiwiko maadamu unene na uduara wa mahali palipokatwa vinalingana na bomba, wengine wakitaka kithibitishwe upya. Khitilafu ya wanazuoni ni rehema. Lakini khitilafu ya wanazuoni si ruhusa kwa asiyesoma kitu.

Tuna mfano mmoja wa nchi za watu, na tunautoa kwa kuwa kuna wanaodhani uzembe wa namna hii ni wa watu weusi na masikini tu. Mwaka 1974, huko Flixborough, Uingereza, palikuwa na kiwanda cha kemikali chenye mapipa makubwa sita yaliyopangwa safu. La tano likaonekana lina ufa. Wakubwa hawakutaka kazi isimame. Wakaliondoa, wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la inchi 20 lililopindwa kwa kuchomelewa vipande. Mchoro wa bomba lile ulichorwa kwa chaki juu ya sakafu ya karakana! Hapakuwa na hesabu ya maana ya nguvu zitakazolipinda, na lilitegemezwa kwa vyuma vya jukwaa la kupandia. Lilikuwa la muda tu, wakasema. Lilifanya kazi miezi miwili. Jumamosi ya tarehe 1 Juni likaachia, mvuke ukatoka, ukashika moto, na watu 28 wakafa. Ingekuwa siku ya kazi, idadi ingekuwa kubwa zaidi. Haya yalitendeka katika nchi yenye vyuo, vitabu na wahandisi wa kila namna.

Neno "la muda" linaturudisha nyumbani Hanang. Tarehe 3 Disemba 2023 mvua iliyonyesha ilimega ubavu wa mlima, na tope, mawe na magogo yakateremka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya themanini. Rais wa Jamhuri ya Muungano alikatisha safari yake ya mkutano wa hali ya hewa huko Dubai akarudi. Nyumba, barabara, nguzo za umeme na njia za maji ziliharibika. Katika siku kama zile mtu huunganisha maji kwa chochote kilichopo, na atakayemlaumu fundi aliyechomelea kipande kwa kipande ili majeruhi wapate maji huyo hana insafu. Dharura ina hukumu yake. Lakini dharura ikiondoka hukumu yake nayo huondoka. Suala letu ni hili: kila mahali palipounganishwa kwa dharura, pameandikwa katika daftari gani? Na nani atarudi kupafukua, akatia kiungo kilicho sahihi? Kisichoandikwa huzikwa, na kilichozikwa husahauliwa, mpaka kijikumbushe chenyewe usiku.

Na huku huku Manyara tuna kipimo cha kulinganishia. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, ambalo uamuzi wa mwisho wa kuliwekea fedha ulitangazwa Februari 2022, lina urefu wa kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24, na njia yake inapita katika mkoa huu wetu, Hanang ikiwamo. Katika kazi za mabomba ya namna hiyo, mchomeleaji hutahiniwa kabla ya kushika kijiti. Mshono wake hupigwa picha au kupimwa kwa mawimbi ya sauti. Kila mshono una namba, na namba ina jina la mtu. Hatusemi hayo ni makosa, ndivyo inavyopasa. Tunauliza tu: mafuta yatakayopanda meli yashuhudiwe mshono kwa mshono, na maji anayokunywa mwana wa Mdatoga yasishuhudiwe hata kiwiko kimoja? Je, hii ndiyo insafu?

Hatuwezi kusema sheria haipo. Shirika la Viwango la Tanzania limekuwapo tangu sheria ya mwaka 1975, na Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango tangu 2011. Sheria ya maji Namba 5 ya mwaka 2019 imeunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na chini yake vyombo vya watumia maji wenyewe. Ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Vipo vyuo vya ufundi vya VETA vinavyofundisha na kutahini. Upungufu uko baina ya karatasi na mtaro. Mchoro unataka tii, duka lina elbo, mkandarasi ana haraka, mkaguzi ana gari bovu, na kijiji hakijui la kuuliza.

Basi kijiji kifundishwe la kuuliza. Kipo kipimo kimoja ambacho hata asiyejua kusoma mchoro anaweza kukishuhudia. Kabla ya mtaro kufukiwa, bomba hujazwa maji, likatolewa hewa yote, likapandishwa kwa pampu ya mkono mpaka presha mara moja na nusu ya ile litakayoibeba. Kanuni ya viwandani tuliyoitaja inataka ishikiliwe kwa muda usiopungua dakika 10, na viungo vyote vikaguliwe kimoja kimoja. Mshale wa geji ukishuka, pana kasoro. Na wawe macho: wasikubali mtu ajaribu kwa pampu ya upepo kwa kuona uvivu wa kubeba maji, kwani upepo uliobanwa ukipasua bomba hurusha vipande kama risasi, lakini maji hutoka tu yakaisha nguvu. Wazee wawili wa kamati wasimame wautazame mshale, watie sahihi, na nakala ibaki kijijini. Hata hivyo, tusidanganyane: jaribio la dakika 10 lingeweza kukipitisha kile kiwiko chetu, nacho kikapasuka mwezi wa tano. Kwa hiyo kwanza iulizwe: je, kuna kiungo kilichokatwa au kuchomelewa kinyume cha mchoro? Kama kipo, hesabu yake iko wapi, na nani aliyeitia sahihi?

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba mtasema, hayo ni ya milimani, sisi kwetu ni tambarare. Kweli presha yenu ni ndogo. Lakini viungo ni vile vile, vimetoka katika makontena yale yale, na maduka ya Mlandege na Chake Chake huuza kile kile tunachouza sisi. Tena huko kuna ugonjwa mwengine: kiungo chenye uzi wa skrubu wa Kiingereza na chenye uzi wa Kimarekani huchanganywa katika boksi moja. Kwa nusu inchi na robo tatu, idadi ya nyuzi kwa inchi ni moja, 14, kwa hiyo hukamatana. Lakini pembe ya uzi ni digrii 55 kwa mmoja na 60 kwa mwengine, basi hukazwa, hufungwa katani, na hulia machozi maisha yake yote. Fundi akishindwa kuyazuia machozi hayo huleta nini? Huleta moto wa kuchomelea.

Na hapa tunasema na wafanya biashara wenzetu, maana kuwalaumu serikali peke yao ni rahisi mno, na sisi tumo. Tangu siku ya mzee yule, mtu akitaka kiwiko kwetu kwa ajili ya kutobolewa, tunamwambia wazi kuwa hatumwuzii kwa kazi hiyo. Tunamwandikia tii aitakayo, na tunaiagiza kwa nauli yetu ikiwa ni ya maji ya kijiji. Tumepoteza wanunuzi kwa hilo, hatukatai. Baadhi yao wamehamia duka la pili, na duka la pili linauza.

Tunawaomba makatibu wa matawi, popote patakapochimbwa mtaro wa maji katika shehia zao, waende kabla haujafukiwa. Wasiende na bendera. Waende na daftari. Waandike tarehe, jina la mkandarasi, presha iliyojaribiwa, na kila kiungo kilichoguswa na moto, kisha walete nakala ofisini. Kile kiwiko kilichopasuka tumekihifadhi. Anayetaka kukiona na apite dukani, kipo juu ya rafu ya pili, nyuma ya misumari.